Kalamansi na Kikohozi
Nchini Ufilipino, kalamansi hupandwa hata chunguni penye jua, iwe pambo la baraza: mti mfupi wa jamii ya mlimau, wenye maua meupe yanukiayo na matunda madogo makali. Maji yake, yakichanganywa na ya vuguvugu, hunywewa na wengi wakohoapo. Mhudumu wa afya hana sababu ya kuyakejeli, hutuliza koo. (Yakitiwa asali, mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe.) Lakini kikohozi kilichofikisha wiki 2 hakingojei tunda jingine, hasa katika nchi iliyoelemewa na kifua kikuu. Amdharauye mgonjwa kwa kinywaji chake hatasikilizwa atakapotaka makohozi ya kupimwa. Heri ausifu mti kwanza, kisha amkabidhi kikopo.