Damu ni yetu, mbona majibu tununue?

Ushawahi kubishiwa mlango Jumamosi asubuhi na mtu mwenye beji shingoni na tableti mkononi? Anakusalimia vizuri, anakwambia anafanya utafiti na hautachukua hata dakika 20. Mnaishi wangapi hapa? Maji mnachota wapi? Choo mnatumia na milango mingapi? Mtoto aliharisha mara ya mwisho lini? Ukimaliza kujibu anakupa karatasi utie sahihi, anakushukuru, halafu huyo, mlango unaofuata.

Kama umekulia Korogocho au Viwandani, hii si hadithi kwako. Mitaa hiyo miwili imefuatiliwa na watafiti nyumba kwa nyumba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa na kilichomuua ni nini. Nisieleweke vibaya, ni kazi ya maana sana. Zamani wakubwa walidhani mtoto wa Nairobi, hata wa mabandani, ana nafuu kuliko wa mashambani kwa sababu hospitali ziko karibu. Tafiti za mitaa ya mabanda ndizo zilizowaonyesha kwamba mtoto wa huko alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wa kijijini. Bila mama fulani kuacha kufua na kujibu maswali, hilo halingejulikana.

Swali langu ni hili: huyo mama aliambiwa? Majibu yalirudi kwake?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa. Kitu cha kwanza kuzimwa kilikuwa nywila yangu ya maktaba, hata kabla jina langu halijatolewa kwenye orodha ya darasa. Sikujua ile nywila ilikuwa na thamani gani hadi nilipoikosa. Siku hizi nikitafuta makala ya kisayansi kuhusu maji ya mtaa wangu napata kichwa, majina ya waandishi, muhtasari wa mistari kumi, halafu kisanduku kinaniambia nilipe dola 30 na kitu. Hiyo ni karibu shilingi 4,000. Kwa makala moja. Na kuna mahali ukishalipa unapewa saa 48 za kuisoma, kama vile umekodi baiskeli.

Ungedhani hizo pesa zinamwendea aliyeandika. Wapi! Mwanasayansi akiandika makala ya jarida halipwi hata ndururu. Wenzake wanaoisoma na kuikagua kabla haijachapishwa, nao kwa kawaida wanafanya hivyo bure. Mara nyingi utafiti wenyewe umegharamiwa na kodi, ya hapa au ya ng'ambo. Kisha mchapishaji anaichukua, anaiweka nyuma ya ukuta na kuiuzia maktaba za vyuo vilevile ambavyo wahadhiri wake waliiandika. Niambie biashara nyingine mjini ambapo unaletewa nyanya bure, unachaguliwa mbovu bure, halafu unamuuzia mkulima nyanya zake.

Kuna msichana kutoka Kazakhstan, Alexandra Elbakyan, aliyechoka na mambo haya akaanzisha tovuti ya Sci-Hub mwaka wa 2011, inayotoa mamilioni ya makala bila malipo. Elsevier, mmoja wa wachapishaji wakubwa duniani, ilimshtaki Marekani na mwaka wa 2017 mahakama ikaamua alipwe mchapishaji huyo dola milioni 15. Siwezi kukutuma huko, mhariri atanifukuza. Nakutajia tu ujue kwamba kuna watu walioona heri washtakiwe.

Sasa kuna mpango mpya, unaitwa ufikiaji huria: msomaji asome bure. Sawa kabisa, lakini mara nyingi bili imehamishwa tu kutoka kwa msomaji hadi kwa mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka wa 2021 liliweka ada ya euro 9,500 kwa makala. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya milioni moja. Mtafiti wa chuo cha umma hapa Kenya, ambaye pengine mshahara wenyewe umechelewa, atazitoa wapi? Wachapishaji wengi husamehe ada nchi maskini kabisa, lakini Kenya ilipandishwa hadi kundi la kipato cha kati cha chini mwaka wa 2014, na kwa kundi hilo mara nyingi unapata punguzo, si msamaha. Tulisherehekea kupandishwa, na hakuna aliyetukumbusha kuna bili nyuma yake.

Hapo ndipo matapeli walipoona soko. Mhadhiri anatakiwa awe na machapisho ndipo apandishwe cheo, majarida makubwa ni ghali na yanachelewa, basi anapata barua pepe: "Tuletee makala, tutachapisha kwa siku tano, dola 150 tu." Mwaka wa 2013 mwandishi John Bohannon alitunga makala bandia kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mkaguzi yeyote makini angeyaona, akaituma kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yaliikubali. (Waandishi bandia aliwapa majina ya kubuni ya Kiafrika na vyuo vya Afrika visivyokuwepo. Hilo pia lina lake la kusema, tuliache leo.) Usifikiri ni vijarida vya uchochoroni peke yake: mwaka wa 2023 Hindawi, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya Wiley, iliondoa makala zaidi ya 8,000 baada ya kugundulika kwamba ukaguzi wake ulichezewa.

Lakini pesa za kusoma ni nusu tu ya mambo. Nusu nyingine ni jina la nani linaandikwa juu.

Enda Majengo, pale Pumwani. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, vimekuwa vikifuatilia kundi la wanawake wanaouza ngono. Walianza na magonjwa ya zinaa ya kawaida. Walipopima virusi vya UKIMWI waliogopa, kwa sababu wengi wa wale wanawake walikuwa tayari wameambukizwa. Ila kadiri miaka ilivyopita wakaona kitu cha ajabu: kulikuwa na wachache waliokutana na virusi tena na tena na hawakuambukizwa. Dunia nzima ikageuza macho kuangalia Majengo. Marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyewazoea wale akina mama na kuwaita kwa majina, ndiye aliyefanya waamini kliniki ile. Frank Plummer, Mkanada aliyeongoza sehemu kubwa ya utafiti, akawa mwanasayansi wa kutajwa duniani. Alifariki hapahapa Nairobi Februari 2020, alipokuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano huo.

Damu ya wale wanawake ilisaidia kuwaonyesha wanasayansi jinsi seli za kinga zinavyoweza kupambana na virusi. Kutokana na hapo Oxford na Nairobi wakaanza kutengeneza chanjo, ya aina ya virusi inayopatikana zaidi Kenya. Majaribio yalianza Oxford mwaka wa 2000 na Nairobi 2001. Ila kabla hata sindano ya kwanza haijadungwa hapa, ikajulikana kwamba upande wa Uingereza ulikuwa umeomba hataza, yaani ile karatasi ya kisheria inayosema uvumbuzi huu ni wetu, na wenzao Wakenya hawamo. Kelele zikapigwa, magazeti yakaandika, makubaliano yakaandikwa upya ili Chuo Kikuu cha Nairobi kiwe na sehemu yake.

Chanjo yenyewe haikufaulu. Kufikia 2004 ilionekana kinga inayotoa ni hafifu mno, ikaachwa. Kwa hiyo hakuna bilioni zilizopotea hapo, na kuna watu hukwambia basi yalikuwa makelele ya bure. Mimi nasema hapana. Angalia vizuri ugomvi ulikuwa kati ya nani na nani: chuo na chuo. Profesa na profesa. Wenye damu hawakuwa mezani hata katika yale makubaliano mapya. Ni kweli walipata matibabu bila malipo, na baadaye dawa za kupunguza makali zilipofika wakapewa, na kwa mwanamke wa Majengo wa wakati ule hilo lilikuwa kubwa. Lakini matibabu ni kitu kimoja, na kuwa na sauti ni kitu kingine.

Kama mambo ya damu yanakutisha, twende kwa nguo. Ile jinzi iliyopauka vizuri uliyookota Gikomba. Zamani ili ipauke hivyo ilioshwa pamoja na mawe. Siku hizi viwanda hutumia vimeng'enya, vitu vidogo vinavyotolewa na vijidudu, kula taratibu nyuzi za juu za pamba ili ile rangi itoke. Mwaka wa 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walikusanya vijidudu kutoka maziwa yetu ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwemo, vinavyoishi kwenye maji makali ambayo yangekutoa ngozi. Kampuni ya Genencor ikapata humo kimeng'enya cha kupausha jinzi na ikakiuza. Mwaka wa 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likasimama na kusema: hiyo ilitoka kwetu, mgao wetu uko wapi? Wenyewe wakashikilia kwamba sampuli zilichukuliwa kihalali. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai ulianza kufanya kazi mwishoni mwa 1993, sampuli zilishaondoka. Kanuni za Kenya kuhusu rasilimali za namna hiyo zilikuja 2006. Yaani tulifunga zizi ng'ombe akiwa Ulaya.

Na hata hapo, "kwetu" ni nani? Ukingoni mwa Bogoria waliishi Waendorois, wakaondolewa miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Mwaka wa 2010 ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imeamua serikali ya Kenya iliwakosea. Serikali inadai mgao kutoka kwa kampuni, na wenyeji wanadai mgao kutoka kwa serikali. Hiyo foleni nakuachia uihesabu mwenyewe.

Sasa, kuna kilichobadilika, na kinanipa raha kukisema kwa sababu wanawake wa Majengo wamo. Mwaka wa 2018 ilizinduliwa Ulaya kanuni ya maadili kwa watafiti wanaotoka nchi tajiri kwenda kufanya kazi nchi zenye uhaba. Wanaouza ngono Nairobi walishauriwa ilipokuwa ikiandikwa, sawa na jamii ya Wasan wa Afrika Kusini, ambao mwaka wa 2017 walitoa kanuni yao wenyewe na kuwaambia watafiti ukija kwetu hivi ndivyo utakavyofanya. Moja ya mambo yaliyomo: matokeo lazima yarudi kwa waliotafitiwa, kwa njia wanayoielewa. Tume ya Ulaya inaitambua kanuni hiyo katika utafiti inaoufadhili.

Wao wameandika. Sisi je? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema kila mwaka wa fedha asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa Hazina ya Utafiti. Ni sheria, si ahadi ya kampeni, na haijawahi kutimizwa. Ndiyo maana ajenda inapangwa na mwenye pesa, na mwenye pesa yuko mbali. Kila bajeti ikisomwa tunapigania bei ya unga na ushuru wa simu, sawa, lakini hakuna mbunge anayeulizwa kuhusu ile asilimia 2.

Halafu kuna jambo ambalo halihitaji hata bilioni moja. Kila anayefanya utafiti Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, na masharti ya leseni humtaka apeleke ripoti yake kwa tume baada ya kumaliza. Hiyo ina maana kwamba ripoti zipo. Maji yako, choo chako, kikohozi cha mtoto wa jirani, vimeandikwa na vimepelekwa mahali, katika ofisi ya umma, wakati mimi na wewe tunaambiwa dola 30. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria inayoeleza jinsi ya kuziomba.

Basi tume iongeze mistari miwili kwenye leseni. Wa kwanza: ripoti iwekwe mtandaoni, ifunguke kwenye simu ya kawaida, bila nywila. Wa pili: kuwe na kurasa mbili za Kiswahili rahisi, zisomwe barazani kule utafiti ulikofanyika, na mtafiti awepo ajibu maswali. Atakayesema ni gharama kubwa atuonyeshe alivyopata pesa za ile tableti.

Huku tukingoja, jua haya. Vyuo vya umma huweka tasnifu za wanafunzi wao mtandaoni, ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni bure na ina mengi kuhusu mitaa yetu. Ukikuta makala imefungwa, mwandikie mwandishi kwa barua pepe. Anwani huwa kwenye ukurasa wa kwanza, na kwa kawaida hakuna kinachomzuia kukutumia nakala. Mimi nimefanya hivyo mara kadhaa. Wengine hukaa kimya, lakini wengi hujibu siku hiyohiyo, na kuna mmoja aliniandikia kwamba tangu achapishe ile makala, mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka mtaa ule kuiomba.