Acheni Kununua Mng'aro

Kamati ya kwaya ikikaa kupanga ununuzi wa matarumbeta, kuna kauli ambayo haikosekani: "Tusinunue yaliyotumika, tutaaibika." Wajumbe wanaafiki, mchango unapitishwa, na fedha zikitimia yanaagizwa matarumbeta mapya ya bei ya chini kuliko yote sokoni, yenye chapa ambayo hakuna fundi aliyewahi kuisikia. Yanafika kwenye nailoni, yanang'aa, yanaombewa, yanapigwa picha. Imani hii kwamba kipya ndicho salama inateketeza sadaka za watu, na inatuharibia wapigaji.

Nianze na wapigaji, maana wao ndio hubeba lawama. Pistoni ya tarumbeta hupanda na kushuka ndani ya silinda yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Nafasi hiyo ikizidi, pumzi inavuja. Ikipungua au ikiwa haiko sawa pande zote, pistoni inakwama katikati ya ubeti. Kazi ya kuilinganisha inataka mashine nzuri na mikono yenye ujuzi, na hayo hayapatikani kwa bei ya kutupa. Sasa mkabidhi mtoto wa miaka 12 chombo kinachovuja. Anapuliza mpaka mishipa ya shingo inamtoka, noti ya juu inakataa, naye anaambiwa hana kipaji. Miezi inapita, anaacha. Tumempoteza mpigaji kwa kosa la kiwanda, na hakuna anayemwomba radhi.

Matarumbeta yetu, isitoshe, si ya kukaa ukumbini. Yanapigwa juu ya pikapu nyuma ya gari la bibi harusi, yanapigwa kwa miguu kwenye msafara wa mazishi na alfajiri ya Pasaka. Chombo cha barabarani kinahitaji bati nene na viungo vilivyolehemiwa vizuri. Cha rahisi kikigonga ubao wa pikapu kinabonyea, na kiungo kimoja kikiachia, vingine hufuata. Ukikipeleka kwa fundi atakuuliza vipuri viko wapi, na vipuri havipo.

Shaba iliyotunzwa haizeeki kwa haraka tunayodhani. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, lilikuwa na kiwanda chake cha ala huko St Albans, Uingereza, ambacho kiliuzwa kwa kampuni ya Boosey & Hawkes mwaka 1972. Zipo ala za kiwanda hicho zinazopigwa hadi leo. Yamaha ya mwanafunzi yenye pistoni za moneli, madini yasiyoliwa kirahisi na unyevu, inaweza kulea kizazi baada ya kizazi cha wapigaji ikitiwa mafuta na kuoshwa. Wajumbe hao hao wanaokataa tarumbeta lililotumika walifika kikaoni kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, na hawakuona aibu, kwa sababu waliyakagua kwanza.

Nasi tukague. Vuta mrija mdogo wa pistoni ya pili bila kuibonyeza: ukitoka kwa mlio mkavu wa "po!", hewa imeshikwa vizuri; ukitoka kimya, silinda imelika. Mirija yote itoke na kurudi bila nyundo. Kisha chunguza mrija wa kwanza, ule unaopokea kipulizio, kwenye mwanga wa jua. Ukiona madoadoa ya rangi ya waridi, liache tarumbeta hilo hata kama umepunguziwa nusu ya bei. Zinki imekwisha kutoka kwenye shaba, ugonjwa umeanzia ndani, na hakuna kupaka rangi kutakakouponya. Vanishi iliyochubuka pale mkono unaposhika haina neno. Bonde dogo kwenye mdomo mpana nalo halina neno, ni aibu ya macho tu.

Wapo wanaosema wanaona kinyaa kupuliza alichopuliza mwingine. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ndefu ya mirija, basi. Kipulizio kipya unaweza kumnunulia kila mpigaji bila kuumia.

Hoja moja tu ya wapinzani wangu ina uzito, ingawa mara chache huitaja wao wenyewe. Bendi za Kiingereza, za Jeshi la Wokovu zikiwamo, zilikuwa zikipiga kwa sauti ya juu kuliko kipimo cha leo, karibu nusu ya nusu toni, hadi miaka ya 1960. Ala ya wakati huo ambayo haikurekebishwa haitapatana na kinanda cha kanisa wala na wenzake, hata ukiivuta mirija yote. Kwa hiyo usinunue ala kongwe ya Uingereza kabla hujaisikia ikipigwa pamoja na kinanda.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayekwenda kununua awe mpigaji. Mweka hazina aende kulipa. Fedha za matarumbeta kumi ya kung'aa zitoe manne au matano yaliyotunzwa, ya majina yanayojulikana, na kinachobaki kinunue mafuta ya pistoni, grisi ya mirija na brashi, na kilipe nauli ya kijana mmoja akajifunze kulehemu kwa fundi wa kweli. Vikundi vyetu vingi havina hata chupa moja ya mafuta hayo, na bado kila baada ya miaka michache vinarudi kuchangisha matarumbeta mapya.