Sadaka Nayo Ipangiwe Bajeti

Fungua simu yako utazame makundi ya michango uliyomo. Kuna kamati ya harusi, kuna msiba wa mwenzetu wa kazini, kuna mgonjwa anayesubiri upasuaji. Kila kundi lina orodha: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Tunatoa, tena kwa moyo. Lakini anayepata mara nyingi ni mwenye watu wa kumsemea.

Tazama shule ya msingi ya kutwa iliyo karibu nawe. Tanzania ada ya shule za msingi ilifutwa, ila chakula cha mchana cha wanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi na jamii. Wazazi huchanga mahindi, maharage na fedha ya mpishi. Akiba ya nyumbani ikikata kabla ya mavuno, sufuria la shule nalo hupungua, na mtoto wa nyumba yenye dhiki hushinda darasani na njaa. Njaa hiyo haina kamati.

Ombi langu ni hili: mshahara ukiingia, au hesabu za duka zikifungwa, tenga sadaka mapema, pamoja na kodi ya nyumba na umeme. Kutoa kwa kipimo tumelelewa nako. Mwislamu hutoa zaka ya asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kutimiza mwaka. Wakristo wengi hutoa fungu la kumi. Hata kile tunachotoa kwa hiari juu ya hapo, tukiwekee kiwango.

Tuseme unapata shilingi 600,000 kwa mwezi, ukatenga asilimia 5. Hizo ni 30,000. Shilingi 10,000 zikae kwa ajili ya misiba na dharura, maana jirani akifiwa hasubirishwi. Zile 20,000 ziende kila mwezi mahali pamoja ulipopachagua. Kwa mwaka zinafika 240,000, na faida yake kubwa ni uhakika: mwalimu mkuu anayejua kwamba fedha inakuja anaweza kununua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, asihangaike kukopa ikishapanda.

Kabla ya kutuma, uliza. Shirika likupe namba yake ya usajili na taarifa ya matumizi. Mchango wa shule uingie kwenye akaunti ya shule, nawe upewe stakabadhi. Bili ya mgonjwa ilipe hospitalini moja kwa moja. Kuuliza kunamlinda mhitaji, na kunamwekea heshima kiongozi mwaminifu.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo tunao, tuuwekee utaratibu. Jioni ya leo keti na wa nyumbani kwako, watoto wakiwemo, mwandike kiasi, mahali na tarehe. Kisha wiki hii pita shuleni, umwulize mwalimu mkuu: chakula kilichopo stoo kitatosha siku ngapi?