Maoni: Gari la kuchezea lililopakwa rangi upya liuzwe kwa jina lake

Mtu anayetaka kununua gari la okazioni huko Lubumbashi ao Bukavu haangalii rangi tu. Anapiga magoti, anachungulia chini, anagonga mlango kwa kidole, na mara nyingi anakuja na fundi anayemwamini. Anajua kwamba rangi mpya inaweza kuficha ajali ya zamani. Inchini Uingereza kuna watu wanaofanya vilevile mbele ya gari lenye urefu wa kidole. Na wana sababu.

Hao ni wakusanyaji wa magari ya kuchezea ya zamani: Dinky Toys ya Liverpool, Matchbox ya London na Corgi Toys ya Swansea. Dinky ilipata jina lake mwaka wa 1934, ndani ya kampuni Meccano ya Frank Hornby. Matchbox ilitoka mwaka wa 1953. Jack Odell wa kampuni Lesney alikuwa na binti ambaye shule ilimruhusu kuleta tu mchezo unaoenea ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara, na hapo biashara ikapata wazo lake. Corgi ilifuata mwaka wa 1956, ikijisifu kwamba magari yake yana madirisha ya plastiki.

Karibu magari hayo yote yalitengenezwa kwa namna moja. Zinki, madini yaleyale yanayochimbwa Kipushi, ilichanganywa na aluminiamu kidogo, ikayeyushwa, kisha ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Gari lilitoka likiwa limepoa, likapakwa rangi, likawekwa magurudumu, likaingia katika boksi na kupelekwa dukani.

Lakini kiwanda si mashine tupu. Kalibu ilichakaa ikarekebishwa. Rangi ilibadilishwa. Magurudumu ya Matchbox yalikuwa ya chuma, yakawa ya plastiki ya kijivu, kisha ya plastiki nyeusi, na mwaka wa 1969 yakaanza kuja yale membamba ya kukimbia kasi, kwa sababu Hot Wheels ya Marekani ilikuwa imeingia sokoni mwaka mmoja mbele. Ndiyo maana gari moja, lenye namba moja, linaweza kuwa na sura nyingi. Ford Mustang namba 8 ya Matchbox inapatikana kwa wingi ikiwa nyeupe. Ya rangi ya machungwa ni adimu. Basi jekundu la London, namba 5, lilibadilishwa tangazo la ubavuni mara kadhaa, na mkusanyaji anatafuta hasa lile lenye tangazo la kinywaji cha Peardrax.

Hapo ndipo majaribu yanaanza. Tofauti ya rangi ao ya gurudumu inaweza kuzidisha bei mara nyingi. Kwa hiyo kuna anayechukua gari la kawaida, akalipaka rangi adimu. Mwingine anatoa magurudumu ya gari bovu na kuyaweka kwenye gari zuri. Mwingine anachapisha boksi jipya linalofanana na la zamani. Kisha vitu hivyo vinauzwa kama vilivyotoka kiwandani.

Wapo wanaosema hilo ni jambo dogo, kwamba mwenye mali ana haki ya kuipaka rangi anayotaka. Sehemu ya kwanza ya hoja yao ndiyo mbaya; ya pili ni sahihi. Kila mtu yuko huru kutengeneza gari lake, na fundi anayerudishia uzuri mchezo uliochubuka anafanya kazi ya heshima. Kosa halimo katika brashi. Kosa limo katika mdomo wa muuzaji anayenyamaza.

Na jambo si dogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fedha ya mtu. Baadhi ya magari ya Dinky ya mbele ya vita yalitengenezwa kwa zinki iliyoingiwa na risasi. Uchafu huo mdogo unafanya metali ivimbe, ipasuke na mwishoni ivunjike yenyewe, hata ikiwa imewekwa kabatini bila kuguswa. Rangi mpya inaweza kufunika mipasuko hiyo kama inavyofunika ajali ya gari kubwa. Mnunuzi analipa leo, kesho anaokota vipande.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Kiwanda cha Meccano pale Binns Road kilifungwa mwaka wa 1979. Lesney ilifilisika mwaka wa 1982, na Mettoy, kampuni iliyotengeneza Corgi, ilianguka mwaka wa 1983. Kuhusu mabadiliko mengi madogo ya kazi za kila siku, shahidi mkubwa aliyebaki ni gari lenyewe. Wakusanyaji wameandika orodha ndefu kwa kulinganisha gari moja na lingine. Gari moja la uongo likiingia katika orodha, linasimulia siku ya kazi ambayo haikuwa katika kiwanda chochote. Na atakayekuja nyuma ataitafuta maisha yake yote.

Hata mkusanyaji mwaminifu ana jukumu lake. Si kila tofauti ya rangi ilitoka kiwandani. Jua la dirishani linafifisha rangi, na moshi wa tumbako unafanya nyeupe kuwa ya manjano. Anayekimbilia kutangaza kwamba amepata sura mpya isiyojulikana anapaswa kwanza kugeuza gari na kutazama chini na ndani, mahali ambapo jua halikufika. Anapaswa pia kuangalia vichwa vya ekseli: vikiwa na alama za koleo, pengine magurudumu yamebadilishwa.

Dawa ya tatizo hili haina gharama. Fundi aliyepaka gari upya aandike alama ndogo chini yake. Anayechapisha boksi jipya aweke maandishi yanayosema ni jipya. Muuzaji aseme alichofanya ao alichoambiwa, na mnunuzi aulize mbele ya kutoa fedha, si nyuma. Anayekataa kujibu amekwisha kujibu.

Magari haya yalitengenezwa ili watoto wayaburuze sakafuni na kuyagonganisha. Lililochubuka kwa mchezo wa mtoto linasema kweli juu ya maisha yake. Lililong'aa kwa uongo halina la kusema, hata likiwekwa ndani ya kioo.