Alama za Vinasaba na Nauli ya Mama wa Kintinku

Saratani ya mlango wa kizazi ingali mstari wa mbele miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wapatao 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Maradhi haya huchukua miaka mingi kukomaa, na mabadiliko yake ya awali hutibika. Hata hivyo, wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Chanzo chake kikuu ni kirusi cha HPV. Kipimo cha kirusi hicho kina sifa njema, kwani mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Lakini maambukizi mengi hutoweka bila tiba; kwa hiyo kukutwa na kirusi hakutuambii ni nani aliye hatarini.

Hapo ndipo viashiria vya epijenetiki vinapohitajika. Seli inapoelekea kwenye saratani, alama ndogo za kikemikali ziitwazo methili hujibandika juu ya vinasaba na kuzima baadhi ya jeni, bila kubadili maandishi yake. Ni kama lango la mfereji lililofungwa: maji yapo, lakini shambani hayafiki. Jeni FAM19A4 na miR124-2 ni miongoni mwa zinazopimwa hivyo. Alama zikizidi, uwezekano wa mabadiliko hatari nao huongezeka.

Nashikilia kwamba thamani ya kipimo hiki itaonekana mahali kama Kintinku, wilayani Manyoni, ambako rufaa humaanisha nauli, siku za shamba zilizopotea na watoto walioachwa kwa jirani. Kumsafirisha kila mwenye kirusi ni kumtwisha mzigo bure. Kutomsafirisha yeyote ni kumwacha aangamie. Sampuli ileile ikituonyesha nani asafiri sasa na nani arudi kupimwa baadaye, sayansi itakuwa imemfaa.

Yapo masharti. Kipimo kithibitishwe kwa wanawake wetu wenyewe, hasa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni takriban mara 6 ya wengine. Tena, majibu yamrudie mama mapema na tiba iwe tayari, kwa maana jibu lisilo na tiba ni hofu tupu.

Zaidi ya yote, matumaini ya kesho yasiwe kisingizio cha kukaa leo. Shirika la Afya Duniani limelenga asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa ifikapo mwaka 2030. Kipimo cha siki ni cha gharama ndogo, na jibu hupatikana papo hapo. Watoa huduma, mtajieni kila mama anayefika kliniki. Nanyi kina mama wa miaka 30 hadi 50, na mnaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kiulizeni hata kama hamna maumivu. Saratani hii huanza kimya.