BILI YA MAJI: HATULIPI TUSICHOKISOMA!

MKAZI wa Janga anaishi jirani na maji ya wakubwa. Pale Mlandizi, hatua chache tu kutoka kwake, ndipo ulipo mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959. Upanuzi wa miaka ya karibuni uliupandisha kutoka lita milioni 82 hadi lita milioni 196 kwa siku. Mabomba yake makubwa yanafuata Barabara ya Morogoro, yanapita Kibaha, yanapanda Kibamba na Kimara kwenda kunywesha Jiji. Sisi huku tunayatazama yakipita kama mtu anayetazama treni isiyosimama kituoni kwake.

Lakini leo hatuandiki juu ya wasio na bomba. Hao tumewaandikia sana na tutawaandikia tena. Leo tunazungumza na kijana aliyepanga chumba, mwenye bomba uani, anayetoa fedha kila mwezi na hajawahi hata siku moja kuiona karatasi anayoilipia.

Mwandishi wa tahariri hii alikuwa mmoja wao. Alipanga nyumba ya vyumba sita, mita moja. Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango: elfu kumi kumi ya maji. Vyumba sita, elfu sitini. Siku moja mwandishi akajikaza: "Shikamoo mzee, naomba kuiona bili." Mzee akamtazama juu hadi chini, akasema: "Marahaba. Hivi mwanangu, wewe unakunywa maji au unakunywa karatasi?" Uani wote ukacheka. Fedha ikatolewa.

Tunauliza: ni vijana wangapi wanaolipa kwa kuchekwa namna hiyo?

Haya, tuipasue hiyo karatasi. Haina uchawi wowote.

Kitu cha kwanza ni tarakimu mbili: usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Toa ule wa zamani kwenye ule mpya, unapata uniti. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Likumbuke hilo la ndoo 50 kuliko lolote, maana ndilo lugha yetu. Mita yenyewe ina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ndizo uniti zinazolipiwa. Nyekundu ni vipande vya uniti, visikutishe.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwezi uliopita mita ilisoma 412, mwezi huu 430. Ni uniti 18, ndoo 900. Nyumba ina watu 12. Kwa siku 30, kila mmoja ametumia lita 50 kwa siku, ndoo mbili na nusu. Ni kweli au si kweli? Wewe unayeoga hapo ndiye unayejua. Tuseme bei ya uniti ni shilingi 1,700 (bei halisi isome kwenye bili yako). Ni shilingi 30,600. Ongeza tozo ya EWURA, asilimia moja, shilingi 306. Jumla 30,906. Gawa kwa vyumba sita: 5,151 kila chumba. Sasa rudi kwa yule mzee na elfu kumi kumi zake, ujaze mwenyewe tofauti inakwenda wapi. Na kwa bei hiyo ndoo moja ni shilingi 34. Mwenye mkokoteni anakuuzia ngapi?

Kodi ya VAT je? Hakuna. Maji ya bomba yamesamehewa kodi hiyo kisheria. Ya chupa ndiyo yanatozwa. Mwenye nyumba akikwambia "kuna VAT hapo", mwambie akuonyeshe mstari.

Kuna mstari wa majitaka. Huu wengi hawauelewi, na ndio wa kuangaliwa kwa macho mawili. Hakuna mita chooni, ndugu msomaji. Malipo ya majitaka hupigwa kwa kufuata maji safi uliyotumia, na yanamhusu yule aliyeungwa kwenye bomba la majitaka. Sasa tazama uani kwako. Kama choo ni cha shimo, au kuna karo linalonyonywa na gari kila likijaa, na gari hilo mnalilipa wenyewe taslimu, basi mstari huo kwenye bili yako unatafuta nini? Ukiukuta, usinung'unike kijiweni. Beba bili, nenda ofisini, uliza kwa sauti.

Mstari mwingine ni deni la nyuma. Akaunti ni ya nyumba, si ya mpangaji. Aliyehama akiacha deni, maji yatakatwa kwako wewe uliyeingia juzi na godoro lako. Kijana anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo bila kuuliza deni la maji ni sawa na anayenunua pikipiki bila kuiwasha.

Halafu kuna makadirio. Msoma mita akikuta geti limefungwa au mbwa amelala juu ya mita, tarakimu hubuniwa. Dawa yake ni ndogo: kila mwezi piga picha ya mita kwa simu. Picha ina tarehe, na haibishani na mtu. Usiku mmoja pia fungeni bomba zote, someni mita, muisome tena alfajiri. Ikiwa imesogea na hakuna aliyechota, kuna bomba linavuja ndani ya ua wenu, na hasara hiyo ni yenu. Likivuja kabla ya mita, hiyo ni ya mamlaka, nao wapigiwe simu.

Na wale wa mgawo! Maji yakikatika siku tatu kisha yakarudi, hutangulia upepo, bomba linakoroma, na sindano ya mita inazunguka. Hewa nayo inalipiwa? Ukiwa na mashaka na mita yako, omba ipimwe. Ukijibiwa vibaya, peleka malalamiko EWURA. Mdhibiti huyo alianza kazi mwaka 2006, na kazi mojawapo aliyopewa ni kukusikiliza wewe.

Tumesema ya mwenye nyumba, tusiwaache wakubwa. Kuna kitu kimoja hakiandikwi kwenye bili: maji yanayopotea njiani. Kwa miaka mingi takriban nusu ya maji yaliyosukumwa kwenda Dar es Salaam yalimwagika kwenye mabomba mabovu au kuibwa, na gharama ya kuyasafisha na kuyasukuma ilikuwa ni ile ile. Nani analipa? Ni huyu huyu kabwela mwenye mita, kupitia bei ya uniti.

Hadithi ya biashara hii inachosha. NUWA ikageuka DAWASA mwaka 1997. Mwaka 2003, kwa shinikizo la mkopo wa Benki ya Dunia, Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo tukakabidhiwa kwa City Water: Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi. Haikufika miwili, Mei 2005 Serikali ikauvunja, makusanyo yakiwa chini ya matarajio. Tukashtakiwa nje, mwaka 2008 wasuluhishi wakasema Serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake, lakini wakakataa kuwapa Wazungu fidia. Ikaja DAWASCO, na mwaka 2018 ikaunganishwa tena na DAWASA. Majina yamebadilika kama mashati. Tarakimu mbili za mita hazijabadilika.

Ndiyo maana tunasema kijana asisubiri jina jipya. Mamlaka ikitaka kupandisha bei hupeleka maombi EWURA, na EWURA huita mkutano wa hadhara unaoitwa taftishi. Ukumbini hujaa nani? Maofisa, wazee wawili watatu na waandishi wa habari. Vijana tuko kijiweni tunabishana Simba na Yanga. (Mwandishi hajitoi; naye alikuwa huko huko.) Siku ya taftishi ndiyo ya kuuliza: maji yanayopotea ni kiasi gani, na kwa nini yamo kwenye bei yangu?

Tunazitaka mamlaka za maji zituandikie bili kwa Kiswahili cha kueleweka, kila mstari na maelezo yake, na ujumbe wa bili utumwe kwa simu za wapangaji wanaoomba, si kwa mwenye nyumba peke yake. Hiyo namba ya malipo, mnayoiita kontrol namba, mpangaji akiwa nayo anaweza kulipa mwenyewe na kubaki na risiti.

Kuhusu yule mzee wa elfu kumi kumi: wapangaji sita walikwenda pamoja, jioni, kwa heshima zote, na picha ya mita mkononi. Alikasirika, akazungumza sana, akaingia ndani. Mwezi uliofuata bili ilibandikwa kwenye mlango wa bafu, na kila chumba kikatoa karibu nusu ya kile kilichokuwa kikitoa zamani.