Mji wa Chuo na Mchanga Uwekao Maji

Mkulima wa Kotile huyajua maji kuwa ni kitu kipitacho mbele ya macho yake: mto Tana, mwekundu kwa udongo, ukishuka kwenda Kipini kuingia baharini. Akisafiri hata Lamu atakuta mji usio na mto wala kijito, nao umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700. Hapana budi ataujiuliza mji huo hunywa nini.

Njia yake hupita Masalani na Hindi hata Mokowe, na hapo huacha gari akapanda mashua. Yafaa kwanza awaulize askari habari za njia, kwa kuwa imepata kushambuliwa mara kadha wa kadha. Tena wakati wa mvua udongo wake hunasa magari.

Akishuka gatini, na aende kwanza Ngomeni. Ngome hiyo ilijengwa baina ya mwaka 1813 na 1821, ikatumiwa kuwa gereza hata mwaka 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Kutoka hapo na afuate Usita wa Mui, ambao ni mwembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana hubidi mmoja ampishe mwenziwe. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye nyumba nyingi za mawe. Upande wa kusini ni Langoni. Mwaka 2001 mji huo mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia.

Lakini sifa ya Lamu si mawe tu. Kabla neno chuo halijatumiwa kwa vyuo vikuu vya leo, Waswahili waliliita chuo darasa la Kurani, na kitabu pia. Huko Langoni ndiko uliko msikiti wa Riyadha pamoja na chuo chake. Mwanzilishi wake ni Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliyefariki mwaka 1935. Zamani zile elimu ya juu ya dini ilikuwa mikononi mwa jamaa wachache wenye nasaba. Yeye aliwakaribisha watumwa na wanyonge akawasomesha, na baadhi ya wakubwa walichukizwa. Lakini leo, wakati wa Maulidi, wageni humiminika Riyadha kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Wale waliodharauliwa wamekuwa heshima ya mji.

Sasa msafiri na atoke mjini, aufuate ufuko kwa miguu hata Shela. Hapo ataona vilima vya mchanga mweupe, asione mti wa kumfaa wala shamba. Huenda akasema kwamba hii ni nchi tupu. Kumbe jibu la swali lake li chini ya nyayo zake. Mvua ikinyesha, mchanga ule huinywa na kuihifadhi chini, nayo ndiyo maji matamu ya visima vinavyoinywesha Lamu. Vilima vikijengwa majumba, au maji yakivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia mahali pa yale matamu, na kisima kilichoingia chumvi si rahisi kukiponya.

Ng'ambo, katika kisiwa cha Manda, yako magofu ya Takwa, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. Msikiti wake ungali umesimama, na kaburi lenye mnara pia. Watu wa Shela huvuka kwenda kaburini hapo kuomba mvua. Wao wajua thamani ya tone moja.

Basi mwenye kurudi Kotile na arudi na mambo mawili. Mtoto wa mnyonge asinyimwe chuo, na ardhi ionekanayo tupu isiuzwe wala kuchimbwa kabla ya kuulizwa imeweka nini ndani yake. Wazee walisema kweli: akiba haiozi.